Wendell Prochnow Mlangoni kwa Malkia

Wendell Prochnow alikuwa amebakiza mchanga kidogo tu katika saa ya mchanga kabla ya kufukuzwa katika ikulu ambayo haipo, na malkia ambaye hayupo, kwa kosa la kumwiba bata maji ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Sasa sogeeni.

Sogeeni, enyi mlioshiba nanyi mnaongoja chakula kiive. Zimeni redio, mwondoeni paka kwenye kiti, mkae. Habari hii haijaimbwa na mtu, na walioishuhudia ni wanne tu, na mmoja wao hataki itajwe mbele yake. Ni habari ya vita vilivyopiganwa bila upanga kuchomolewa, katika uwanja wenye upana wa meza ya kulia, katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya mbao huku Wisconsin, Jumapili mchana ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imepanda hadi madirishani, na ile mashine ya kupasha nyumba joto ikinguruma nyuma yetu kama simba mwenye kikohozi. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Ewe kumbukumbu, simama wima, uchane nywele.

Wa kutajwa kwanza ni yeye mwenyewe, Wendell mwana wa Prochnow, fundi wa magari ya kusukuma theluji, mwenye mabega ya friji na moyo wa ndama, mtu ambaye akijigonga kwenye kiti hukiomba kiti radhi. Wa pili ni Curtis Lindqvist, shemeji yake, muuza bima, mwenye ulimi uliopakwa siagi pande zote mbili, aliyesoma kitabu cha kanuni mpaka kikafunguka chenyewe akikitazama. Wa tatu ni Joyce Kettleson, dereva wa basi la shule, mwenye jicho kama kile kioo cha dereva cha kuonea nyuma, na huyu ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mwamuzi katika mchezo wetu ni mvua na jua, ni malkia na mbwa wa malkia, ni kila kiumbe asiye na mtu wa kumchezea. Wa nne ni mimi. Nilikuwa mlinzi mwenye mkuki. Sikuwa na maneno ya kusema, kwa hiyo niliona kila kitu.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wazima wenye mikopo ya nyumba huketi mezani, kila mmoja na kisanamu chake cha madini ya risasi chenye urefu wa kidole gumba, wakaigiza mashujaa wa nchi ya kubuni. Unasema unachofanya, unatupa dadu, na dadu huamua kama umeweza. Wendell alikuwa Bwana Aldovar, liwali wa Bonde la Shayiri. Alimpokea Aldovar akiwa mfagiaji wa banda la nyumbu, akampandisha cheo kila majira ya baridi, akampigania na majitu na mafuriko na kodi, akampaka rangi kwa brashi yenye unywele mmoja, hata kope. Na sheria ya meza yetu ilikuwa haina huruma: kisanamu kilichofukuzwa ikulu huingia katika kopo la biskuti, mfuniko ukafungwa, na hakichezwi tena. Wala si mzaha. Mle ndani mna mashujaa ambao wenyewe hawawezi kuwataja bila kukohoa.

Sasa, Joyce alikuwa ameleta kanuni mpya za vita vya maneno. Zamani watu walipogombana ikulu walisimama popote na kupayuka. Kanuni mpya zilikomesha upuuzi huo. Ugomvi wa maneno, zilisema, una uwanja wake kama ugomvi wa mapanga: kuna kando ya kiti cha enzi, kuna katikati ya ukumbi, kuna mlangoni. Aliye pamoja na Malkia hutupa dadu tatu, maana neno lake humfikia likiwa moto. Aliye nafasi moja mbali naye hutupa mbili. Aliye nafasi mbili hatupi kitu. Anayeshindwa hoja hurudi nyuma nafasi moja. Na anayesukumwa mpaka mlangoni amekwisha kutoka kwenye mazungumzo. Mchanga wa saa ukiisha yupo hapo, amefukuzwa.

Basi saa ya mchanga ikasimamishwa wima, na vita vikaanza.

Curtis akainuka. Hakukuwa na haja ya kuinuka, lakini aliinuka. Kisanamu chake, Waziri Morvane, kilikuwa kando ya kiti cha enzi, na cha Wendell pia.

"Ewe Malkia Isaveth," akanguruma, mkono kifuani, "taa ya milima, mama wa mito! Bata maji wako mweupe hayumo bwawani. Nani ameonekana na manyoya begani? Nani, nauliza mbele ya kuta hizi, amelalia mto mpya? Ni huyu! Liwali wa shayiri! Mtu aliyetoka bandani na banda halijamtoka!"

"Aisee," nikasema. Joyce akanikumbusha kwamba mlinzi hana sauti.

Wendell akajikuna shingo. "Malkia... sikiliza. Yule bata ana hasira sana. Mimi sipiti hata karibu."

"Hayo ni maneno ya Aldovar au yako?" akauliza Joyce.

"Yetu sote wawili, dada."

Dadu zikatupwa. Za Curtis zikaanguka kama askari wa gwaride. Za Wendell zikaanguka kama viazi. Bwana Aldovar akarudi katikati ya ukumbi.

Hapo shujaa wetu akajaribu mbinu ya pili, na naisimulia kwa uchungu. Aliona heri asifie bonde lake. "Malkia," akasema, "mwaka huu mbolea imekuwa nzuri ajabu. Ukiishika mkononi, inavunjika yenyewe..."

"Shemeji!" Curtis akapiga meza kwa furaha. "Umemtajia malkia mavi!"

"Nimetaja mbolea."

"Amevaa hariri, wewe! Umemwambia ashike!"

Dadu zikatupwa tena. Sitasema zilionyesha nini, kwa heshima ya familia. Nikamwona Aldovar akija kwangu kinyumenyume, yule liwali mwenye kope, mpaka akasimama mlangoni kando ya mkuki wangu. Hapakuwa na dadu kwa ajili yake hapo. Mchanga ulikuwa ukishuka. Curtis akalivuta kopo la biskuti, akalifungua, akaligeuza mdomo upande wa Wendell kama anayemkaribisha mgeni.

"Pole, shemeji," akasema. "Bonde nitalitunza. Nitajenga soko."

"Usiguse shayiri yangu."

"Nitaweka maegesho pia."

Wendell alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa mekundu, na nasema hivi waziwazi kwa sababu hakuna aibu ndani yake. Mtu hapati vitu vingi vya kulea.

Na hapo, enyi wasikilizaji, msaada ukaja kutoka juu. Si mbinguni. Jikoni.

Shangazi Ardith, shangazi wa Curtis na wa mke wa Wendell, Marlys, alikuwa amekuja kula baada ya kanisa. Tulipokuwa tukishuka ngazi kwenda kucheza alikwisha jipiga mapaja kwa viganja na kusema, "Haya basi," ambayo katika nchi hii ndiyo ngoma ya kuondoka. Akavaa koti. Marlys akamsindikiza mlangoni. Tangu hapo tulikuwa tumekula bakuli zima la mabonge ya jibini, Curtis alikuwa amehutubia, mtu alikuwa ameharibiwa maisha, na miguu ya Shangazi Ardith ilikuwa bado pale pale juu ya vichwa vyetu.

Sauti yake ikapenya dari: "Haya, mwanangu, nikuache. Lo! Sijakwambia habari ya goti la Dale."

Wendell akainua uso. Akainua kidole kinene chenye grisi isiyotoka.

"Bi Joyce. Laza mchanga."

Joyce akailaza saa ubavu. "Una hoja ya kanuni?"

"Nina swali. Shangazi Ardith yuko wapi?"

"Mlangoni."

"Ameondoka?"

Mashine ikakohoa. Na hapo Wendell akasimama, meza ikasogea, akaiomba radhi, kisha akasema maneno ambayo sikujua kuwa anayo.

"Enyi watu wa meza hii! Kitabu chasema aliye mlangoni amekwisha kutoka kwenye mazungumzo. Nami nawauliza: mazungumzo gani mliyowahi kuyaona yakianza kabla ya mlango? Habari ya kifo cha babu yangu niliipata mlangoni, kofia mkononi. Kazi yangu niliahidiwa mlangoni. Marlys alikubali nimuoe akiwa na buti moja mguuni na jingine mkononi, baada ya sisi kukaa sebuleni mchana kutwa tukizungumzia bei ya maziwa! Katika nyumba hii hakuna neno la maana lililowahi kusemwa na mtu aliyekaa!"

"Hiyo si kanuni, shemeji," Curtis akasema. "Huo ni ugonjwa."

"Kitabu kimeandikwa na mtu wa wapi?"

Joyce akakigeuza, akasoma nyuma. "California."

"Ndio hao!" Wendell akasema. "Watu wa huko wakisema kwaheri, wanaondoka!"

Joyce akatafakari. Huyu ni mwanamke ambaye amewahi kusimamisha basi katikati ya dhoruba ili kusuluhisha ugomvi wa sandwichi. Haki ni chakula chake. "Kanuni haiwezi kwenda kinyume na nchi," akasema mwishowe. "Nitakwenda kuona kwa macho yangu. Mtu asiguse mchanga." Akapanda ngazi.

Hakurudi.

Tukamngoja. Curtis akatazama saa ya ukutani, akatazama kopo, akasema, "Nitamleta," akapanda ngazi.

Hakurudi.

Tukabaki Wendell na mimi, na saa iliyolala ubavu mezani, isiyolindwa na mtu. Angeweza kuigeuza kwa pigo la ukucha. Hakuitazama hata. "Twende tukawatoe," akasema, na tukapanda, yeye mbele, kama watu wanaoingia kisimani kutoa waliozama.

Tuliyoyakuta yaliogofya. Mlango ulikuwa nusu wazi, na theluji ikiingia taratibu na kukaa kwenye zulia kama mwenye nyumba. Shangazi Ardith alisimama kizingitini, kofia kichwani, glavu moja mkononi. Marlys alikuwa ameshika keki ya tufaha, sinia zima, imefunikwa foili. Joyce alikuwa amekwisha tekwa. Alikuwa akielezwa mfupa upi katika goti la Dale ulikuwa wa bandia. Na Curtis, yule simba wa hoja, alikuwa amebanwa kati ya ukuta na kabati la makoti.

"Krismasi ulitoka kwangu kimya kimya kama mwizi wa kuku," Shangazi alikuwa akimwambia. "Nimekuwekea nyama kwenye foili, natoka nje, gari halipo."

"Nilikuwa na haraka, shangazi."

"Haraka ya nini? Nani ananunua bima siku ya Krismasi?"

"Nilipunga mkono."

"Ulimpungia mbwa, Curtis. Mbwa ameniambia."

Joyce akajitoa katika habari ya goti kwa nguvu zake zote. "Shangazi Ardith, samahani, nina swali la kisheria. Hapa ulipo, umeondoka au hujaondoka?"

"Nimeondoka wapi, mama, na koti halijafungwa?" Shangazi akamtazama kama anayetazama mgonjwa. "Mtu ameondoka akishapiga honi pale kona. Kabla ya hapo yuko kwenye maongezi."

Wendell akafumba macho.

"Na mwenye nyumba?" Joyce akaendelea. Niliona jicho lake la kioo cha nyuma likiwaka. "Anaruhusiwa kubaki kitini mgeni akiwa mlangoni?"

"Abaki kitini? Mgeni yuko mlangoni, na yeye kakaa? Huyo si mwenye nyumba. Huyo ni televisheni."

Tukaaga. Tukaaga tena. Tulipouliza barabara ikoje, tukajua tumekosea, maana barabara nayo ilikuwa na habari zake. Mwishowe tukashuka, mmoja mmoja, tukimwacha Marlys nyuma kama jeshi linalomwacha shujaa wake darajani.

Joyce hakukaa. Alisimama mbele ya meza, akatangaza kwa sauti ya kuwashusha watoto basini: "Sikieni hukumu. Mlangoni si nje. Aliye mlangoni yuko kwenye mazungumzo mpaka apige honi, au tarumbeta, au chochote walicho nacho. Na Malkia, kwa kuwa ana nyumba, na ana malezi, lazima amsindikize mgeni."

Akaunyoosha mkono wake, akamwinua Malkia Isaveth kutoka kwenye kiti cha enzi.

Mnaelewa kilichotokea? Aldovar hakusogea hata unene wa unywele. Mtu aliyesukumwa ukumbi mzima alisimama pale pale aliposukumiwa, na ufalme ukainuka ukamfuata. Malkia alipita katikati ya ukumbi, akafika mlangoni, nami mlinzi nikasogea pembeni kuwapisha, na hilo ndilo tendo langu pekee katika historia. Yule aliyekuwa mbali akawa sikioni pa Malkia. Na Waziri Morvane, mshindi, akabaki kando ya kiti kitupu, nafasi mbili mbali, bila hata dadu moja.

"Nami nasogea!" Curtis akapiga kelele.

"Nafasi moja kwa zamu," Joyce akasema.

Akamnyakua waziri wake kwa pupa, na mkono wa sweta ukampiga Malkia, Malkia akaanguka kifudifudi, na taji likakatika likaruka hadi kwenye bakuli la jibini. Joyce akamsimamisha Malkia bila taji. Curtis akamweka waziri katikati ya ukumbi, taratibu mno safari hii: dadu mbili. Wendell: tatu. Saa ya mchanga ikasimamishwa wima tena.

"Malkia!" Curtis akaanza. "Nyota ya milima! Usimsikilize huyo..."

"Subiri kidogo, Waziri," Joyce akasema kwa sauti ya Malkia. "Niko na mgeni."

Zamu ikamfikia Wendell. Mchanga ulikuwa umebaki kama chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akajipiga mapaja kwa viganja.

"Haya basi, Malkia. Nisikucheleweshe."

"Aa, bado mapema."

"Pale darajani pameganda. Mwambie mpanda farasi wako aende polepole."

"Nitamwambia. Chukua keki."

"Hapana, keki nyingi hiyo."

"Chukua."

"Haya, asante." Kisha Wendell akasema kwa ile sauti wanayoitumia huku mtu anapotafuta funguo mfukoni: "Halafu, kabla sijasahau. Yule bata. Sikumwiba. Namwogopa."

"Usimwambie mtu," Malkia akasema. "Hata mimi namwogopa."

Dadu! Curtis akatupa zake mbili: tano na sita. Kumi na moja, na jumla kubwa ndiyo inayoshinda. Wendell akatupa. Ya kwanza, moja. Ya pili, tano. Ya tatu ikagonga bakuli, ikaruka ukingo wa meza, ikabiringika sakafuni, ikaingia chini ya mashine ya joto.

Dadu iliyoanguka huhesabika pale ilipo. Nayo ilikuwa mahali ambapo mkono wa Wendell hauingii, wala wangu, wala wa Joyce. Mwenye mkono mwembamba mrefu alikuwa mmoja tu. Curtis akalala kifudifudi kwenye saruji, shavu chini, bega likiwa ndani ya joto na vumbi. Hakuna mwingine aliyeweza kuona. Kidole kimoja kingetosha kuigeuza, na Bonde la Shayiri lingekuwa maegesho.

Alikaa kule chini muda mrefu. Tulisikia harufu ya sufu ikiungua.

"Inasema nini, shemeji?" Wendell akauliza taratibu.

"Sita," sauti ikatoka chini ya mashine, kama ya mtu anayezikwa. "Laana. Ni sita."

Kumi na mbili! Na iandikwe, na isomwe kwa wanaoweza kusoma na wasioweza waelezwe: siku hiyo Wendell mwana wa Prochnow, fundi wa theluji, aliishinda ikulu akiwa amesimama mlangoni, na Bwana Aldovar akarudishiwa bonde lake na jina lake na kope zake, na mfuniko wa kopo ukafungwa juu ya wafu wake bila kuongezewa. Joyce akapiga meza kwa ngumi. Mimi nikapiga ukelele, mlinzi nisiye na sauti. Wendell akamsaidia shemeji yake kuinuka, akampangusa vumbi, wala hakucheka, ingawa Curtis alikuwa na utandu wa buibui kwenye nyusi.

Juu yetu, mbali, pale kona, honi ikalia mara mbili.

Gharama ilikuwa hii. Taji la Malkia, ambalo tunaamini lililiwa. Mkono mmoja wa sweta ya Curtis. Keki yote ya tufaha. Bomba la maji la jikoni, lililopasuka kwa baridi ya mlango, na zulia chini yake. Sauti ya Joyce, mpaka Ijumaa, hivi kwamba watoto wa basi walifanya walivyotaka. Na vita vya mashariki, ambavyo tulipanga kuvipigana majira yote ya baridi na hatujavipigana hadi leo, kwa sababu hukumu ya mlango sasa ni sheria, na jeshi letu lote lenye silaha bado liko kizingitini kwa Malkia, likiaga.